Masanduku ya Banda la Ulanga

Banda la ulanga lilikuwa nyuma ya stesheni ya Morogoro, mahali ambapo upepo wa mlimani hushuka mchana na kuinua vumbi. Ulanga ni lile jiwe linalong'aa na kuchanika kama kurasa za kitabu. Lilichimbwa huko juu Uluguru, likateremshwa vichwani mwa watu, na ndani ya banda hilo wanaume arobaini walikaa mbele ya meza ndefu wakilichana kwa visu, tabaka baada ya tabaka, mpaka likawa jembamba kiasi cha mtu kuona kidole chake upande wa pili. Jioni walitoka wakimetameta. Ulanga ulinata kwenye nyusi, kwenye kucha, ndani ya mikunjo ya nguo, na wake zao walisema kuolewa na mchanaji wa ulanga ni kulala na samaki kabla hajaparwa.

Kumetameta huko ndiko kulikoleta masanduku. Msimamizi, Mdachi, yaani Mjerumani, ambaye watu walimwita Bwana Miwani, aliona mng'ao kwenye kanzu zao wakitoka, akaamini wanaiba. Mwaka mmoja kabla ya vita akaamuru kwamba kila anayeingia avue nguo zake, avae shuka ya kazi, na asipeleke mezani kitu chochote cha kwake, hata tasbihi, hata kiko. Mwezi wa kwanza watu walifunga vitu vyao mabunda wakayaacha mlangoni. Mabunda yakachanganyika. Mtu alifika nyumbani na kofia ya mwenzake, na siku moja wawili walipigana kwa ajili ya mkanda mpaka mmoja akang'oka jino. Bwana Miwani akamwita mnyapara wake, akamwambia atafute namna ya kuhifadhi vitu vya watu, achague mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayewajua.

Mnyapara huyo aliitwa Pazi. Alikuwa mtu wa Towelo, kwenye mteremko juu ya mji, mwenye umri wa miaka arobaini hivi, mpole na mwangalifu, mtu wa kurudi mara mbili kutazama kama moto umezimwa. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Watoto aliowazaa Pazi walikuwa watu wa upande wa mkewe. Mtu wake yeye, ambaye siku moja angelishika jina lake na kusimamia mashamba ya ukoo, alikuwa mpwa wake Yunusi, mtoto wa dada yake Pili. Pili alizaa watano akazika wanne. Yunusi alipokuwa mtu mzima wa kufanya kazi, Pili alishuka naye mpaka mlangoni kwa kaka yake.

"Kaka, ukoo wetu wote ndio huyu aliyesimama hapa," alisema. "Nimekukabidhi."

Pazi akampa nafasi kwenye meza ya kwanza, karibu na kiti chake mwenyewe, ili akiinua macho amwone.

Basi ilipokuja habari ya masanduku, wa kwanza kutokea alikuwa Kasiani, seremala aliyefundishwa na mapadre huko Matombo. Alikuja amebeba kasha la mfano mgongoni. Lilikuwa refu kama mtu, la mninga, mlango wake wa fito zilizoachiana nafasi, na badala ya kufuli lilikuwa na kijiti cha kuzungusha. Akalisimamisha ukutani, akafuta jasho.

"Hewa inapita," alisema. "Nguo hazioti ukungu. Na kila mtu atakuwa na lake, arobaini kwa arobaini."

Watu waliacha visu vyao wakaja kutazama. Kasiani alikuwa mtani wa ukoo wa Pazi, utani wa tangu mababu, na walipokutana hao wawili kila mtu alijua patachangamka.

"Mtani, hilo umempimia nani?" Pazi aliuliza.

"Wewe. Nimeacha na nafasi ya tumbo."

"Mbona limesimama? Kwenu huko misheni maiti siku hizi wanazikwa wima?"

"Ninyi watu wa ukoo wenu hata mkifa hamtulii, ndiyo maana."

Kila mtu alijua Kasiani ndiye aliyewachongea Wakristo majeneza. Mchanaji mmoja wa ulanga, Mwinjuma, mtu wa maneno mengi, alilizunguka kasha lile akitikisa kichwa.

"Mimi Mwislamu, nitazikwa kwa sanda yangu. Sasa kila asubuhi nikavulie nguo mbele ya jeneza? Arobaini yamepangwa ukutani yananitazama? Wallahi siku ya kwanza nakimbia."

Walicheka, lakini walipotulia ikawa wazi kwamba hawakuwa wakitania. Hakuna aliyetaka kutia nguo zake ndani ya kitu kile.

Pazi akaenda kwenye duka la Mhindi karibu na soko. Pale palikuwa na sanduku la chuma lililotoka Ulaya, la ukubwa wa madebe manne yaliyobanwa pamoja, limepakwa rangi ya kijani, lina nafasi ya namba mlangoni na kufuli lililojengewa ndani. Mlango ulipofungwa ulitoa sauti ndogo, tki, na haukuonekana hata ufa. Pazi aliufungua na kuufunga mara nyingi. Hakuwahi kuona kitu kinachofungika kikamilifu namna ile. Tatizo lilikuwa moja: fungu la Bwana Miwani lilitosha masanduku ishirini tu ya namna hiyo, kwa watu arobaini. Pazi akaona hilo si tatizo. Wenye undugu wangetumia pamoja.

Sanduku la mfano lilipoletwa bandani, Kasiani alikuwepo, amekuja kuuliza jibu lake. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Pazi, mti ukiubembeleza unakubali. Ukiupiga unapasuka, ukipasuka unachukua kitu chako unakwenda zako. Hili halibembelezeki. Siku ufunguo ukiwa mbali, utalizunguka kama fisi na chungu cha nyama. Utalamba nje."

Banda zima liliangua kicheko.

"Mtani analilia ugali wake!" Pazi alisema, naye akacheka mpaka akashika meza.

Hapo ndipo ninapokwama kila ninapoifikiria habari hii. Mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote mbele ya watu. Anaweza kukutukana msibani, anaweza kulala mbele ya maiti yako na kuzuia isitoke, na ukikasirika kosa ni lako. Lakini kwa kuwa ana ruhusa hiyo, hakuna anayelazimika kushika neno lake. Kasiani alimaanisha alichosema. Angekuwa mtu baki angeketi na Pazi pembeni wakaongea, na Pazi, mwangalifu kama alivyokuwa, angefikiri. Mbele ya Pazi hakuwa na mdomo mwingine ila ule wa utani.

Masanduku ishirini yakapangwa ukutani. Pazi na Yunusi wakachukua namba kumi na nne. Kila sanduku lilikuwa na ufunguo mmoja, na kati ya mjomba na mpwa hakuna aliyehitaji kuuliza nani aushike. Pazi aliutia kamba akauvaa shingoni. Asubuhi alifungua, Yunusi akaweka kanzu yake na kofia. Jioni alifungua tena. Mabunda hayakuchanganyika, hakuna aliyepigania mkanda, na Bwana Miwani alimsifu mnyapara wake mbele ya watu wote. Pazi aliikumbuka sifa hiyo kwa muda mrefu, kwanza kwa furaha.

Vita vya Wadachi na Waingereza vikaja. Bwana Miwani aliitwa jeshini, nafasi yake ikashikwa na karani mgeni kutoka pwani. Meli hazikuja tena kuchukua ulanga, lakini kazi iliendelea, na magunia ya ulanga uliochanwa yalirundikwa mpaka darini. Nje ya banda, askari walikuwa wanakamata wapagazi. Walikamata sokoni, walikamata kwenye mazishi. Aliyekuwa na kipande, yaani kadi ya kazi yenye jina lake na muhuri, aliachwa. Asiyekuwa nacho alifungwa kamba akapelekwa kubeba risasi na chakula cha jeshi, na waliopelekwa hawakuwa wakirudi.

Pili alishuka kutoka Towelo kwa ajili ya jambo hilo tu.

"Kipande cha Yunusi kiko wapi, kaka?"

"Kimo ndani ya chuma, dada. Hata panya hakifikii."

"Mimi nataka kiwe mwilini mwake."

"Kazini hawaruhusiwi kuwa na kitu. Na akishinda nacho kitalowa jasho, wino utafutika. Kipande kilichofutika askari anakichana mbele yako. Nimeona kwa macho yangu."

Hilo lilikuwa kweli. Pili alimtazama kaka yake, akatazama ule ufunguo shingoni mwake, akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua."

Katika mwaka wa pili wa vita, kipindi cha masika kilipokuwa kinakwisha, ndugu mmoja wa ukoo alifariki Kinole, upande wa pili wa mlima, na Pazi akatakiwa kwenda kukaa kwenye shauri la mashamba. Ilikuwa safari ya siku nzima kwa miguu, na njiani palikuwa na askari. Asubuhi alipita bandani, akafungua namba kumi na nne ili achukue kipande chake cha kuonyesha njiani. Vipande viwili vilikuwa vimewekwa pamoja, kimoja juu ya kingine, kwa hiyo alivitoa vyote. Alivishika mkononi. Akasoma majina. Kisha akarudisha cha Yunusi ndani, akafunga, tki, kwa sababu Yunusi alikuwa kazini, na mtu aliye kazini hakamatwi.

"Nakwenda, baba. Narudi keshokutwa."

"Salama, Mjomba. Niletee ndizi za kule."

Kanzu ya Yunusi ilikuwa imekwisha kutiwa ndani. Hakuna kati yao aliyefikiri kwamba jioni ile asingeweza kuitoa. Mwinjuma ndiye aliyeligundua hilo saa ya kutoka, na Yunusi alitembea mjini na shuka ya kazi huku wenzake wakimpigia vigelegele kama bibi harusi.

Siku ya pili mchana askari sita waliingia bandani na ombasha, mkubwa wao. Kabla ya hapo hawakuwahi kuingia mle. Ombasha alisema wapagazi wamepungua mbele, na kila mtu aonyeshe kipande pale alipo. Watu walikimbilia masanduku yao. Funguo zililia. Yunusi alibaki amesimama mbele ya namba kumi na nne, mikono mitupu.

"Wewe, kipande?"

"Kimo humu ndani, afande."

"Fungua."

"Ufunguo anao mjomba wangu."

"Mjomba yuko wapi?"

"Kinole, msibani."

Ombasha aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Kipande kina mjomba, na mjomba ana msiba."

Wakacheka. Karani alisema yeye ni mgeni, daftari la majina aliondoka nalo Bwana Miwani, hawezi kumtilia mtu saini. Mwinjuma alinyakua nyundo ya kuvunjia mawe akaanza kulipiga lile sanduku kwa nguvu zake zote. Alipiga mlangoni, akapiga kwenye kufuli. Chuma kiliingia ndani kikafanya bonde, kufuli likapinda, na mlango haukutoka. Banda zima lililia kama kengele.

"Basi," ombasha alisema, "mnatuumiza masikio."

Walitoka na watu wanane. Saba vipande vyao vilikuwa vimekwisha muda. Wa nane alikuwa Yunusi, na shuka yake ya kazi, anametameta.

Pazi alirudi siku ya tatu jioni, ameshika kichane cha ndizi. Aliambiwa mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye namba kumi na nne akatia ufunguo. Uliingia nusu ukagoma. Aliugeuza, akautoa, akautemea mate, akautia tena. Mwinjuma alisimama nyuma yake akilia, akisema, "Nisamehe, mnyapara, nilitaka kulivunja." Mafundi wa chuma wa reli walikuwa wamepelekwa mbele na jeshi wote. Patasi na tindo alikuwa nazo Kasiani, na siku hizo Kasiani alikuwa Matombo, mbali kuliko walikokuwa wamepelekwa watu.

Kulipopambazuka Pazi alijitwika sanduku zima kichwani, akashika njia ya kaskazini inayokwenda mto Wami, walikopelekwa wale wanane. Alikuwa amefikiri hivi: wanajeshi wana nyundo, wana bunduki, hawatashindwa kulifungua, na likifunguka mbele yao wataona kwa macho yao kwamba kipande kilikuwemo siku zote. Alitembea siku nzima na nusu. Waliokutana naye walidhani na yeye ni mpagazi, wakampisha njia bila kumsalimu, kwani watu walikuwa wameanza kuwaogopa wapagazi kama mtu anavyoogopa wagonjwa.

Kwenye kivuko cha Wami alikuwepo askari mmoja mtu mzima, mwenye mvi, amekaa juu ya gogo.

"Umebeba nini, mzee?"

"Kipande cha mpwa wangu."

Yule askari hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akalishika sanduku, akajaribu mlango kwa ncha ya singe, akaacha.

"Kundi lao limevuka juzi. Sasa wako njia ya Turiani."

"Nipe ruhusa nivuke, ndugu yangu."

"Sikukatazi. Lakini ng'ambo hiyo kuna afande anahesabu vichwa, hahesabu vipande. Ukitokea kwake na mzigo kichwani, umekwisha hesabiwa. Hicho chako cha mfukoni atawashia kiko. Unaweza ukampata mpwa wako. Kurudi, hamrudi wote wawili."

Pazi alishusha sanduku chini, akalikalia. Wami ulikuwa umejaa, maji yake mekundu ya udongo. Wapagazi walipita mbele yake, wakaingia majini wameshikilia kamba, wakatokea ng'ambo, wakapotea kwenye matete. Alikaa tangu jua la utosi mpaka vivuli viliporefuka. Kisha alisimama, akajitwika sanduku, akageuka alikotoka.

Nimejaribu mara nyingi kukaa naye pale juu ya lile sanduku na kujua alichokuwa anafikiri. Alikuwa na mke, alikuwa na watoto, alikuwa na dada ambaye bila wao wawili angebaki peke yake duniani. Sababu zote hizo ni za kweli, na naamini alizihesabu. Naamini pia kwamba aliogopa tu.

Pili alikuwa uani Towelo anapepeta mtama alipomwona kaka yake akipanda njia.

"Ulifika Wami?"

"Nilifika."

"Ulivuka?"

"Sikuvuka."

Pili akainua ungo wake akaendelea kupepeta. Tangu siku ile aliongea na kaka yake habari za mvua, za chumvi, za makaburi yanayotaka kufyekwa. Jina la Yunusi hakulitaja tena mbele yake.

Mwezi wa nane mwaka huo Wadachi waliuacha mji. Maghala yalichomwa, na banda la ulanga liliungua siku mbili. Mtu mmoja aitwaye Dominiko, aliyetoroka kwenye upagazi, alisema alimwona kijana mrefu, ana homa, amelazwa chini ya mti njia ya Kisaki, na ngozi yake ilikuwa inang'aang'aa juani. Alipoulizwa kama alikuwa mzima, alisema hajui, walikuwa wanapita. Wakaenda watu watatu Kisaki. Hawakukuta mti wala kaburi.

Sanduku likakaa nyumbani kwa Pazi, kwenye kona. Kasiani aliporudi kutoka Matombo alikuja na mfuko wake wa vyombo.

"Nilifungue?"

"Usiliguse."

"Kwa nini?"

"Nikikiona nitajua kwamba kilikuwemo."

Kasiani akaketi. Akauweka mfuko wa vyombo miguuni. Mwishowe Pazi akasema, "Mtani, nitukane. Sema lile la fisi na chungu."

"Siwezi."

"Wewe ni mtani wangu. Ni kazi yako. Sema nicheke, nilie, iishe."

"Utani wa msiba una kaburi lake, Pazi. Nionyeshe kaburi la Yunusi, nitacheza juu yake mpaka mnifukuze. Bila kaburi nitakuwa nakucheka kweli."

Pazi alikufa katika ile homa kubwa iliyofuata vita. Kabla hajaoshwa, Kasiani alifika kama ilivyo desturi ya mtani, amevaa kofia ya marehemu kinyumenyume, akiwasukuma waombolezaji na kudai mahali pa kulala. Desturi inamruhusu kunyakua kitu cha marehemu na kukataa kukitoa mpaka ukoo ukikomboe, kwa kuku au kwa kitu kingine kidogo, na ukombozi huo huleta kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ya msiba. Akauvua ufunguo shingoni mwa Pazi, akauinua juu.

"Huu nimeuteka! Anayeutaka anikomboe!"

Watu wakamtazama Pili, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki.

"Hatukomboi," Pili alisema.

Kasiani akabaki na mkono juu. Akashusha mkono, akavua ile kofia, akaondoka na ufunguo.

Siku ya kuanua matanga ilipofika, ikatakiwa mtu arithishwe jina la marehemu, ili Pazi aendelee kuwepo. Mwenye jina hilo alijulikana, Yunusi. Hakuna aliyeweza kusema amekufa ili jina lipelekwe kwingine, na hakuna aliyeweza kusema yu hai. Wazee wakangoja mpaka jioni, wakanawa mikono, wakateremka makwao. Jina likabaki pale nyumbani, pamoja na sanduku.